Midomo imefunga, neno ndo linatoka: kutafuta picha na sauti zilipoachana kwenye PC uliyoiunga mwenyewe

Jamaa kwenye skrini ameshafunga mdomo, neno ndo linatoka. Au kinyume chake, unasikia mlango "paa!" halafu ndo unauona unafungwa. Ukishaligundua jambo hili mara moja basi raha ya filamu imeisha, macho yanabaki kwenye midomo tu. Na kama PC umeiunga mwenyewe, kuanzia kuchagua mazabodi mpaka kukaza skrubu ya mwisho, wazo la kwanza linalokuja ni kwamba kuna mahali umefunga vibaya, basi unaanza: draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa) unafuta unaweka upya, Windows unapiga upya, ramu unachomoa unahamisha nafasi, mpaka usiku unaisha na sauti bado iko nyuma palepale.

Shida ya kwenda hivyo ni kwamba chanzo kinaweza kuwa popote. Kinaweza kuwa faili lenyewe, pleya, kadi ya picha, draiva ya network (ndiyo, ya network, tutafika huko), TV, au hata hedifoni ulizovaa kichwani. Kabla hujagusa setingi yoyote angalia pengo lenyewe lina tabia gani. Limekaa palepale mwanzo mpaka mwisho? Linakua taratibu? Au linarukaruka, sa hivi sawa baada ya dakika mbili vurugu? Kila tabia ina watuhumiwa wake, na ukishajua uko upande upi unaacha kupapasa gizani.

Tuwekane sawa kwanza kwenye kiasi. Sauti hewani inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mtu akiongea ukiwa mita 10 kutoka alipo, sauti yake inakufikia imechelewa karibu milisekunde 29 na wala hushtuki, ubongo umezoea tangu utotoni kwamba kuona kunatangulia kusikia. Kinyume chake hakipo kabisa maishani, hakuna kitu kinachosikika kabla hakijatokea, ndo maana sauti ikitangulia hata kidogo inakera haraka kuliko ikichelewa. Viwango vya watu wa utangazaji vimefuata hilo hilo: pendekezo BT.1359 la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) la mwaka 1998 linasema mtu anaanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde kama 45, lakini ikichelewa mpaka zifike kama 125. EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, wao wakali zaidi, wanaruhusu 40 mbele na 60 nyuma. Kwa hiyo usiandike tu "haziendani", andika nani katangulia, maana hilo peke yake linakuondolea nusu ya watuhumiwa.

Sasa kwa nini ziachane wakati zimo kwenye faili moja? Kwa sababu zimo pamoja kama mizigo tu. Ndani ya MP4 au MKV picha na sauti zimepakiwa vipande vipande vinavyopishana, kila kipande kina muhuri wa muda unaosema kionyeshwe au kisikike saa ngapi. Pleya inavitenganisha, sauti inapita kwenye kodeki yake (njia ya kuibana na kuifungua), inaingia kwenye foleni ya mfumo, inatoka kwenye saundkadi au kwa HDMI au kwa bluetooth. Picha inaenda kwenye GPU (chipu ya picha) au kwa prosesa, inafunguliwa, inasubiri monita ijichore upya, inatoka. Ni watu wawili uliowatuma sehemu moja, mmoja kwa miguu mwingine kwa basi, na unataka wafike mlangoni pamoja. Pleya nyingi zinatatua hili kwa kuifanya sauti ndo iwe saa: sauti inaachwa itiririke, picha inalazimishwa kuifuata, fremu (picha moja moja zinazounda video) ikichelewa inatupwa, ikiwahi inasubirishwa. Wamechagua hivyo kwa sababu sikio halisamehe, sauti ikikatika hata kidogo unasikia mkwaruzo, ila fremu moja ikitupwa wengi hawaoni.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Mashine ikielemewa, kinachoumia kwanza ni picha, sauti inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. La pili, pleya inaona mpaka mlango wa kutokea tu. Ikishamkabidhi mfumo sauti, yanayotokea ndani ya hedifoni au ndani ya TV haiyajui, labda kama kuna mtu kaiambia.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji programu yoyote. Pengo likitokea, rudisha video nyuma sekunde kumi halafu iache iende. Ikirudi sawa kisha ikaanza tena kuteleza, faili halina kosa, mashine au pleya ndo inashindwa kwenda na kasi. Ikirudi na pengo lile lile mahali pale pale, basi pengo limo kwenye faili au liko nje baada ya pleya. Kuyatenganisha hayo mawili ni kazi ndogo: fungua faili jingine unalolijua ni zima. Nalo likiwa na pengo lile lile, faili halihusiki, angalia sauti inatokea wapi na picha inatokea wapi. Ni vizuri kuwa na kavideo kafupi ka majaribio, mwanga mweupe unawaka na mlio unalia kwa wakati mmoja, maana kwa midomo ya watu unaweza kujidanganya, filamu iliyoingizwa sauti ya lugha nyingine midomo yake haitakaa iendane hata ufanyeje.

Tuanze na pengo lililokaa palepale, ndo jepesi. Sauti inachelewa kiasi kile kile kwenye kila video, kila pleya, hata YouTube? Angalia masikioni. Bluetooth ya kawaida inafunga sauti upya kabla ya kuirusha, hedifoni zinaipokea, zinaiweka akiba kidogo ili isikatike, ndo zinaicheza, na safari yote hiyo mara nyingi inakula kati ya milisekunde 100 na 300. Kwenye simu hulioni sana kwa sababu mfumo unaijua hedifoni inachelewa kiasi gani na apu ya video inaisubirisha picha. Kwenye PC hiyo taarifa mara nyingi haifiki au inafika siyo sahihi, na PC ya kujiunganishia ina ziada yake: antena za bluetooth. Mazabodi nyingi zenye Wi-Fi zinakuja na vijiantena viwili vya kufunga nyuma, watu wanaviacha kwenye boksi kwa sababu "si natumia waya wa intaneti", kumbe bluetooth nayo inapita hapo hapo. Bila antena, na kesi ya chuma imeizunguka, mawasiliano yanakuwa dhaifu, vipande vinarushwa upya, sauti inakatikakatika. Chomeka hedifoni za waya. Pengo likifa, umeshampata mwenye kosa.

Kama ni kinyume, sauti inatangulia, mtazame TV. TV za kisasa zinaichezea picha kabla ya kuionyesha, zinalainisha mwendo, zinaondoa chenga, zinakuza, na kila hatua inahitaji kushikilia fremu moja au kadhaa. Ukiwa unatumia spika za TV yenyewe huwezi kujua, kwa sababu TV inaichelewesha sauti kiasi hicho hicho. Lakini wengi wetu picha tunaipeleka kwenye TV kwa HDMI halafu spika zimechomekwa kwenye tundu la kijani nyuma ya kesi, hapo sauti inatoka papo hapo wakati picha bado iko jikoni. Weka TV kwenye modi ya gemu, inaruka karibu mapambo yote hayo, pengo linapungua sana au linakufa. Kama hutaki kupoteza mapambo, toa sauti kupitia TV, au icheleweshe kwa mkono kwenye pleya.

Kwa mkono maana yake hivi. Kwenye VLC ya Windows au Linux, herufi K inaichelewesha sauti milisekunde 50 kila ukibonyeza, J inaivuta mbele kiasi hicho hicho. Kwenye mpv, pleya nyingine, ni Ctrl na alama ya kujumlisha au ya kutoa, hatua za milisekunde 100. VLC inasahau ukifungua faili jingine, kwa hiyo kama pengo linatoka kwenye vifaa vyako na lipo siku zote, usibonyeze kila filamu, ingia kwenye mapendeleo yake ya sauti uiandike namba hapo ikae. Watu wa Linux wana bahati zaidi, pavucontrol, programu ya kurekebisha sauti, ina sehemu ya kuuambia mfumo kwamba kifaa fulani kinachelewa milisekunde kadhaa, na pleya zote zinazouliza mfumo zitajipanga zenyewe. Michezo ya kompyuta haisaidiki kwa njia hii, kwa sababu gemu haliwezi kuisubirisha picha wakati wewe unabonyeza, huko dawa ni waya tu.

Na kama pengo limekaa palepale lakini kwenye faili moja tu, basi aliyelipakia ndo alikosea. Programu ya MKVToolNix inalimaliza bila kuibana picha wala sauti upya, unachagua mstari wa sauti, unaandika milisekunde za kuchelewesha au za kuwahisha, inafunga MKV mpya kwa muda mfupi tu na ubora haupungui hata chembe.

Pengo linalokua ndo lenye utamu wake, na ndo linalowachanganya watu wengi, kwa sababu dakika ya kwanza kila kitu kiko sawa kwa hiyo unaapa faili ni zima. Ukiona linakua taratibu kwa mwendo ule ule, na kurudisha nyuma hakusaidii, chukua kalamu. Tafuta sehemu ya mapema yenye kitu kinachogongana, mtu anapiga meza au mlango unafungwa, pima pengo kwa kusogeza sauti mpaka ziendane. Kisha nenda karibu na mwisho upime tena. Tuseme dakika ya 5 sauti imetangulia sekunde 0.3, na dakika ya 95 imetangulia sekunde 5.7. Ndani ya dakika 90 pengo limeongezeka sekunde 5.4, dakika 90 ni sekunde 5400, gawanya: moja kwa elfu. Hiyo moja kwa elfu ni kama alama ya kidole, ukiikuta tu unajua ni nini.

Ni tofauti ya fremu 24 kwa sekunde na fremu 23.976. Filamu za sinema zinapigwa kwa 24 kamili, lakini video nyingi zimetengenezwa kwa 24000 gawanya kwa 1001, na hiyo 1001 ya ajabu ni urithi wa Marekani wa mwaka 1953: walipoongeza rangi kwenye matangazo ya TV waliona mawimbi ya rangi na ya sauti yanagombana, wakapunguza kasi ya fremu kutoka 30 mpaka 29.97 ili yaache kugombana. TV zile zimekufa zamani ila namba yao bado tunatembea nayo mpaka leo. Mtu akichukua sauti iliyoandaliwa kwa 24 akaibandika kwenye picha ya 23.976, kila saa moja inaachana sekunde 3.6. Ukikuta tofauti ni kubwa mno, kama dakika mbili na nusu kwa saa, hiyo ni sauti ya toleo la fremu 25, zile nchi ambazo filamu ilikuwa inaharakishwa kwa asilimia nne hivi ili iingie kwenye mfumo wao wa TV.

Kusogeza sauti hapa hakusaidii, ukiiweka sawa mwanzo itaharibika mwisho. Inabidi mwendo wa sauti ubadilishwe: programu ya Audacity inafanya, ffmpeg nayo inafanya, unaipunguza au kuiongeza kwa asilimia uliyoipata. MKVToolNix ina sehemu ya kunyoosha mihuri ya muda lakini wenyewe wameandika kwamba ni kwa ajili ya picha na manukuu, kwa sauti usiitumie, na ni kweli, ukijaribu unapata vimkwaruzo.

Mtuhumiwa mwingine wa pengo linalokua ni video ya simu au ya kurekodi skrini ambayo umeiingiza kwenye programu ya kuhariri. Simu haiahidi fremu 30 kila sekunde, giza likiingia au ikipata joto inapunguza, mwanga ukirudi inaongeza. Ndani ya faili hilo siyo tatizo kwa sababu kila fremu ina muhuri wake, ndo maana kwenye pleya inaonekana safi kabisa. Programu nyingi za kuhariri zinadhani fremu zimepangwa kwa nafasi sawa, zinazihesabu tu, na hapo sauti inaanza kuachana na picha. Fungua faili kwenye programu ya MediaInfo, inakuambia kama mwendo wa fremu ni thabiti au unabadilika. Ukiwa unabadilika, lipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, ukilazimisha mwendo thabiti, ndo uhariri. Inachosha, inakula muda wa prosesa, ila hakuna njia ya mkato ya kuaminika hapa.

Kuna na hili la 44,100 dhidi ya 48,000. Hizo ni sampuli za sauti kwa sekunde, ya kwanza ilienezwa na CD, ya pili ni ya video. Kifaa kikirekodi kwa 44,100 halafu programu ikadhani ni 48,000, sauti inakimbia na kuwa nyembamba kama ya katuni, na video ya dakika 10 sauti inaisha karibu sekunde 49 kabla. Hili ni rahisi kulitambua kwa sikio, weka kila kitu 48,000: saundkadi kwenye Windows, maiki, na programu ya kurekodi. Bora yote yaseme namba moja.

Sasa pengo linalorukaruka. Hapa ndo PC ya kujiunganishia inaingia kweli kweli kwenye kesi, kwa sababu mashine iliyounganishwa kiwandani draiva zake na BIOS yake (programu ya kwenye mazabodi inayoiwasha mashine) zilijaribiwa pamoja kabla haijauzwa, yako vipande vyake vimekutana mara ya kwanza mezani kwako.

Anza na swali dogo: nani anaifungua video, yaani anayeigeuza data iliyobanwa kuwa picha? Picha ya 4K ikifunguliwa na GPU prosesa inakaa imetulia, GPU ikishindwa kuijua kodeki kazi yote inamwangukia prosesa. Fungua Task Manager, upande wa GPU kuna mchoro wa kufungua video. Ukiwa sifuri wakati filamu inacheza na prosesa iko juu asilimia 90, umeona tatizo kwa macho. Kwenye AV1, kodeki mpya ya video, hili linawakamata wengi, kadi za NVIDIA zinaifungua kuanzia familia ya RTX 30 ya mwaka 2020, AMD kuanzia RX 6000 lakini RX 6400 na 6500 XT hazimo ingawa zina jina la familia hiyo hiyo, Intel kuanzia kizazi cha 11 kwenye GPU ya ndani ya prosesa, na kama prosesa yako jina lake linaishia na F, hiyo GPU ya ndani haipo. Kwenye YouTube bonyeza kulia juu ya video, fungua takwimu zake, utaona kodeki gani inatumika na fremu ngapi zimetupwa. Hesabu ya zilizotupwa ikipanda kila sekunde, shusha ubora au ilazimishe brauza itumie H.264, kodeki ya zamani ambayo karibu kila GPU unayoweza kuikuta inaijua, ila hapo utaishia 1080p.

Na tafadhali angalia kebo ya monita imechomekwa wapi. Kama imechomekwa kwenye mazabodi badala ya kadi ya picha, umenunua kadi ikakaa inapiga miayo tu.

Kama video inafunguliwa vizuri na bado sauti inakwaruza, picha inaganda nusu sekunde kisha inarukia mbele, hapo zungumzia draiva. Kila kifaa ndani ya kompyuta kinamkatiza prosesa kumwambia "nina kitu", na kazi hizo za draiva zinapewa kipaumbele kuliko programu zako zote, pleya ikiwemo. Draiva nzuri inamaliza kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Draiva mbovu inamshikilia prosesa milisekunde kadhaa, na Windows kwa kawaida inailisha saundkadi kwa mafungu ya milisekunde 10 tu, kwa hiyo mlo mmoja ukichelewa saundkadi inabaki na njaa na wewe unasikia "krrk". Ndo maana draiva ya network inaweza kuharibu filamu iliyoko kwenye diski yako mwenyewe bila hata kugusa intaneti. Programu ya LatencyMon inapima hayo na kukutajia faili la draiva kwa jina. Ikisema ndis.sys, ni upande wa network, izime Wi-Fi ujaribu. Ikisema nvlddmkm.sys, ni draiva ya NVIDIA. Ikisema storport.sys, ni upande wa diski, na hapo kagua afya ya diski na kebo ya SATA kabla ya yote. Iache ikimbie muda wa kutosha huku video inacheza, ya dakika moja haikwambii kitu.

Draiva zichukue kwenye ukurasa wa mazabodi yako yenyewe, chipseti kwanza, kisha network na sauti. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakuapdetia draiva zote kwa kubonyeza mara moja mimi siziamini hata moja.

Kuna kisa kimoja cha aina hii kinachojulikana, na ni vizuri kukijua kama una Ryzen, prosesa ya AMD. Mashine zilikuwa zinaganda kidogo, sauti inakatika au kuvutika, kisha kila kitu kinaendelea kama kawaida, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Mwezi Machi 2022 AMD walitoa maelezo: ile TPM (sehemu ya kutunza funguo za usalama) iliyomo ndani ya prosesa, ambayo Windows 11 inaidai, ilikuwa wakati mwingine inafanya kazi ndefu ya kusoma kumbukumbu iliyoko kwenye chipu ya BIOS, na mfumo unasimama kusubiri. Dawa ilikuja kwenye BIOS zenye AGESA (kodi ya AMD iliyomo ndani ya BIOS) toleo la 1.2.0.7, kuanzia Mei mwaka huo. Kwa hiyo mazabodi ya AM4 (soketi ya Ryzen za kipindi hicho) uliyoinunua ikiwa imetumika, yenye BIOS ya zamani, inaweza kuwa bado na ugonjwa huu, na hakuna draiva itakayouponya. Ila kabla ya kuapdeti, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, isimamishe kwanza na uiweke ile funguo ya akiba mahali unapoweza kuipata bila kompyuta hiyo, vinginevyo utaponya sauti na ujifungie nje ya mafaili yako.

Joto nalo. Kipozeo kikikaa upande prosesa inajipunguza kasi baada ya dakika kadhaa, dalili yake ni kwamba mwanzo ni laini na uharibifu unaanza mashine ikishapata moto, ukiizima ipoe inarudi sawa. Ramu ikiwa kwenye XMP (setingi ya kuiharakisha) isiyotulia nayo inaleta maajabu, rudisha kasi ya kawaida ujaribu, hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Ushauri mmoja unaozunguka sana intaneti ni ule wa kufungua dirisha la amri na kuilazimisha Windows itumie HPET, saa nyingine iliyomo kwenye mashine, wanakuambia "inaondoa lag". Iache. Windows za sasa zinasoma muda kutoka ndani ya prosesa, njia ya haraka sana, HPET kuisoma ni taratibu zaidi, na ukilazimisha unaweza ukatengeneza kigugumizi ambacho hakikuwepo. Kama ulishaifanya zamani, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika bcdedit /deletevalue useplatformclock, washa upya. Na zile pakiti za kodeki za kujaza mfumo mzima, zilikuwa na maana enzi zile za AVI, leo VLC na mpv zinabeba kodeki zao ndani, pakiti inaongeza tu watu wa kugombana jikoni.

Upande wa kurekodi mambo yanageuka kidogo, kwa sababu hapo vifaa vinaingiza na kila kimoja kina ucheleweshaji wake. Maiki ya USB inafika karibu papo hapo, kamera inachelewa, kapcha kadi (kifaa cha kuingiza picha ya HDMI kwenye PC) nayo inachelewa kwa kiwango chake, kwa hiyo kwenye OBS, programu ya kurekodi, sauti yako karibu siku zote itatangulia picha. Dawa ni kuichelewesha maiki, OBS ina sehemu ya kuandika milisekunde kwa kila chanzo cha sauti, lakini usibahatishe namba. Simama mbele ya kamera, piga kofi moja kali viganja vionekane, rekodi, fungua kwenye programu ya kuhariri usogeze fremu moja moja. Tuseme umerekodi kwa fremu 60: mchoro wa sauti unapanda ghafla kwenye fremu ya 212, viganja vinakutana kwenye fremu ya 220. Tofauti ni fremu 8, kila fremu ni milisekunde 16.7, kwa hiyo andika 133. Rekodi kofi jingine uhakikishe, ukibaki na fremu moja pembeni hakuna atakayeona.

Kama unarekodi kitu kirefu, piga kofi mwanzo na upige jingine mwisho. Kila kifaa kina kioo chake kidogo ndani (kristali) kinachopiga muda, na vioo viwili haviendi sawa kabisa, tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni ya kawaida tu na kwa saa moja inatoa milisekunde 180, tayari umevuka ule mpaka wa ITU. Kofi la mwanzo likiwa sawa na la mwisho likiwa limeachana, ile namba ya OBS haina kosa, wenye kosa ni hao vioo viwili: nyoosha sauti kwa kiasi hicho kwenye kuhariri, au safari ijayo ipitishe maiki kwenye kamera yenyewe au kwenye kile kile kinacholeta picha kwa HDMI, ili vyote viwili vihesabiwe na saa moja.